Chuo Nacho Kitie Saini

Kila mwaka unapoanza muhula mpya, maelfu ya vijana wa Kitanzania hupanga foleni kwenye ofisi za usajili za vyuo vikuu wakiwa na barua za udahili, vyeti vya shule na risiti za benki. Kabla ya kupewa kitambulisho hujaza fomu, na miongoni mwa fomu hizo huwamo tamko la kutiwa saini: kwamba mwanafunzi atafuata sheria ndogo za chuo, atalipa ada kwa wakati, atahudhuria vipindi, hatafanya udanganyifu kwenye mitihani wala hatashiriki migomo isiyo halali. Ahadi hizo ni za haki, na sioni hata moja ya kuondolewa. Ila karatasi ile inafunga upande mmoja tu. Chuo kinachozipokea ahadi za mwanafunzi hakimpi karatasi yenye ahadi zake chenyewe: kitafundisha vipindi vingapi, kitarudisha kazi zilizosahihishwa baada ya wiki ngapi, kitatoa matokeo lini, na kitawajibikaje kikishindwa. Hoja yangu ni kwamba chuo kikuu na mwanafunzi wanadaiana, kila mmoja kwa sehemu yake, na kwamba ugomvi mwingi uliotikisa vyuo vyetu tangu uhuru umetokana na kuliacha deni la upande mmoja bila tarehe na bila gharama.

Tazama jinsi makosa yanavyolipiwa. Mwanafunzi asiyekamilisha ada huzuiwa kuingia kwenye mtihani, au hunyimwa matokeo. Vyuo vingi humtaka ahudhurie angalau asilimia 75 ya vipindi, la sivyo anapoteza sifa ya kufanya mtihani wa somo hilo. Akifeli, anapiga sapu, yaani mtihani wa marudio. Akizidi kiwango, anadisko, yaani anaondolewa masomoni, na kurudi nyumbani. Kila kosa lake lina bei, na bei hiyo imeandikwa kwenye kanuni. Sasa hamia upande wa pili. Mhadhiri akikosa nusu ya vipindi vya muhula kisha akasambaza madesa, yaani muhtasari wa somo, wiki ya mwisho, mwanafunzi ataulizwa maswali yaleyale na kusahihishwa kwa kipimo kilekile. Msimamizi wa utafiti akikaa na sura ya kwanza ya tasnifu miezi mitatu, anayechelewa kuhitimu ni mwanafunzi. Alama zikipotea kati ya meza ya mhadhiri na ofisi ya mitihani, jambo ambalo wanafunzi wa vyuo vya umma nchini Kenya wamelilalamikia kwa miaka mingi, anayezunguka ofisi hadi ofisi ni yule aliyefanya mtihani, huku aliyezipoteza akiendelea na kazi zake. Kuchelewa huko kuna gharama ya fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupanga mkopo kwa kufuata muda wa kozi. Bumu, yaani posho ya chakula na malazi, lililopandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23, halikupigiwa hesabu ya miezi ya kusubiri alama iliyopotea. Na kijana huyo akiajiriwa, mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi mkopo uishe. Anayesoma kwa fedha atakazozirudisha kwa jasho lake ana haki ya kuuliza zimemnunulia nini.

Wapo watakaosema deni lake kubwa zaidi ni kwa wananchi, na hoja yao ni nzito. Mwalimu Nyerere aliijenga mwaka 1964 alipowasilisha Bungeni mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akikichukua asirudi, amewasaliti. Hoja hiyo haijazeeka, maana hata leo wanaofika chuo kikuu Tanzania hawatimii mmoja katika kila vijana kumi wa rika lao. Lakini kumbuka kilichotokea Oktoba 22, 1966, wanafunzi walipoandamana jijini Dar es Salaam kupinga mpango wa kuwataka wahitimu walitumikie taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo kwa asilimia 40 ya mshahara. Walilalamika pia kwamba wakubwa wanaowataka wajinyime wanalipwa mishahara minono. Mwalimu aliwafukuza wanafunzi 393. Papo hapo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya viongozi wa juu nayo ikaguswa. Tunapenda kusimulia nusu ya kwanza ya tukio hilo, ya vijana waliotimuliwa. Nusu ya pili ina somo kubwa kuliko ya kwanza: hata kiongozi aliyekasirika kiasi kile alikiri kwamba anayedai wajibu kwa mwenzake lazima aubebe na yeye, tena hadharani.

Kwa bahati mbaya, kilichorithiwa ni nusu ya kwanza. Julai 1971, Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika barua ya wazi kwa uongozi wa chuo akilalamikia jinsi wanafunzi walivyotengwa katika uamuzi. Jibu la barua likawa askari wa kutuliza ghasia, waliomtoa chuoni na kumrudisha kwao Kenya. Aprili 1990, wanataaluma walipitisha Azimio la Dar es Salaam, na Novemba mwaka huohuo wenzao kutoka sehemu mbalimbali za Afrika wakapitisha Azimio la Kampala. Yote mawili yanataja uhuru wa wasomi na wajibu kwa jamii ndani ya jina moja, kwa sababu waandishi wake walijua kwamba kimoja bila kingine hakisimami. Katikati ya maazimio hayo, Mei 1990, Serikali ilikifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na masomo hayakurejea hadi mwaka 1991. Aliyegoma na asiyegoma, aliyetukana na aliyekuwa maktaba, wote walifungiwa lango lilelile.

Kufunga chuo kizima ni kuigeuza methali ya samaki mmoja akioza kuwa sheria ya nidhamu, na sheria tulizonazo haziruhusu fikra hiyo. Mwaka 1723 mahakama ya Uingereza iliamuru Chuo Kikuu cha Cambridge kimrudishie shahada msomi Richard Bentley, kwa kuwa kilimvua bila kumwita ajitetee. Jaji mmoja alikumbusha kwamba hata Mungu alimuuliza Adamu kwanza kabla ya kumhukumu. Uamuzi huo, uliozaliwa na ugomvi wa chuo kikuu na mtu wake, umo katika msingi wa sheria ambazo Tanzania, Kenya na Uganda zimezirithi. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa, pamoja na haki ya kukata rufaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 47, inataka maamuzi ya kiutawala yawe ya haki na yatolewe bila kuchelewa, na anayeathirika apewe sababu kwa maandishi. Maneno hayo hayaishii getini mwa chuo. Mwanafunzi aliyekamatwa na karatasi ya kuibia mtihani asikilizwe, aone ushahidi, kisha aadhibiwe sawasawa. Yule ambaye kosa lake ni kulala bweni moja na aliyevunja dirisha hana cha kujibu.

Tukio linaloonyesha wazi kuliko yote upande ambao mzigo huangukia lilitokea Dodoma. Mwaka 2014 Serikali ilianzisha katika Chuo Kikuu cha Dodoma stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari, ili kupunguza uhaba wa walimu wa masomo hayo. Mwishoni mwa Mei 2016 wahadhiri waliokuwa wakifundisha programu hiyo walikuwa wameacha kuingia madarasani kwa sababu ya mgogoro wa malipo. Chuo kikawapa wanafunzi 7,802 muda wa saa 24 kuondoka. Hapakuwa na tuhuma kwamba wao walikuwa wamegoma. Hawakuvunja kanuni yoyote waliyoitilia saini. Upande ulioshindwa kutimiza ahadi ni ule uliowaalika, na adhabu ikawaangukia wao, wakiwa na masanduku yao kwenye vituo vya mabasi na nauli ya kutafuta. Baadaye mjadala ulihamia kwenye ufaulu wao wa kidato cha nne na uhalali wao wa kuwa chuo kikuu. Hata kama hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, ilipaswa kujibiwa na waliowadahili. Udahili ni ahadi. Chuo kinapomwandikia kijana kwamba amekubaliwa, kinamwambia kwamba kimepima sifa zake, kina walimu wa kumfundisha, na shahada atakayotoka nayo itatambuliwa.

Ahadi hiyo ya mwisho nayo imewahi kuvunjwa. Februari 2016 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilifuta vibali vya matawi ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph ya Songea na Arusha, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Mwaka uliofuata ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wa mwaka wa kwanza hadi virekebishe kasoro zake. Tume ilifanya kazi yake, na ningependa iendelee kuwa kali hivyo, kwa sababu shahada dhaifu humdhulumu anayetunukiwa na pia mgonjwa, mteja au mwanafunzi atakayemhudumia kesho. Swali linalobaki ni la kijana aliyekwisha kusoma miaka miwili katika kozi iliyofungwa. Kuhamishwa ni bora kuliko kuachwa, lakini anayehamishwa hukutana na mtaala mwingine na mji mwingine, pengine arudie masomo aliyokwisha kuyafaulu. Haki ingetaka chuo kilichomdahili kigharimie angalau sehemu ya hasara hiyo.

Kuna wajibu mmoja wa chuo ambao hauhitaji mjadala mrefu, nao ni usalama wa mwanafunzi mbele ya mwenye kalamu ya alama. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamhesabu kuwa mhalifu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa haki au upendeleo. Sheria ipo, lakini binti anayetishiwa kufelishwa huogopa kwamba malalamiko yake yatapita mikononi mwa rafiki wa anayemlalamikia. Chuo kinachosema kinapinga rushwa ya ngono kionyeshe mambo mawili: ofisi ya kupokea malalamiko iliyo nje ya idara husika, na utaratibu wa kumpa mhadhiri mwingine mtihani wa mlalamikaji ausahihishe. Bila hayo mawili, mabango ukutani hayamlindi mtu.

Naijua hoja ya kwanza itakayoletwa dhidi yangu: chuo ni mlezi, na mtoto hawekeani mikataba na mzazi wake. Katika jamii zetu hoja hii ina mvuto, na kwa kweli mhadhiri mwema hulea. Lakini mwanafunzi wa chuo kikuu kwa kawaida ameshatimiza miaka 18. Katiba inamwamini kumchagua rais, na bodi ya mikopo inamwamini kutia saini deni la mamilioni ya shilingi. Haiwezekani awe mtu mzima kwenye dirisha la malipo kisha awe mtoto kwenye dirisha la malalamiko.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na naiheshimu. Wahadhiri wengi wanahofia kwamba mwanafunzi akipewa haki zinazodaiwa, atajiona mteja, na mteja akilipa hutaka bidhaa. Mwisho wake atadai alama kama anavyodai chenji. Hofu hiyo ina mizizi mirefu. Huko Bologna, Italia, katika karne ya 13, umoja wa wanafunzi ndio uliowaajiri maprofesa, na uliwatoza faini wakichelewa kuingia darasani au wakiruka sehemu za somo. Profesa aliweka fedha kwa mwenye benki ili faini zikatwe humo. Mfumo huo ulimpa mwanafunzi nguvu kupita kiasi, na sishauri tuurudishe. Lakini unathibitisha kwamba wazo la mwalimu kuwajibika kwa muda wake lina umri sawa na vyuo vikuu vyenyewe. Dawa ya hofu hii ni kutenganisha mambo mawili: mwanafunzi ana haki ya utaratibu, hana haki ya matokeo. Anaweza kudai mtihani wake usahihishwe kwa wakati, na mtu mwenye sifa, kwa vigezo alivyojulishwa mapema. Hawezi kudai B. Nchini Uingereza mpaka huo umechorwa kisheria. Sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2004 ilitoa nafasi kwa chombo huru kinachopokea malalamiko ya wanafunzi wa vyuo vya England na Wales. Chombo hicho huangalia kama chuo kilifuata kanuni zake na kama kilimtendea mlalamikaji kwa haki, na kinaweza kupendekeza alipwe fidia, lakini hakigusi uamuzi wa kitaaluma wa msahihishaji. Kwetu, mwanafunzi aliyeshindwa rufaa ndani ya chuo hubaki na njia ya mahakama, ambayo ni ghali na polepole mno kwa mtu mwenye kozi ya miaka mitatu.

Kisha kuna umaskini. Mhadhiri mwenye madarasa ya mamia ya wanafunzi, anayesahihisha mitihani usiku na kusubiri malipo yake ya ziada kwa miezi, atauliza tunamtaka afanye nini zaidi. Swali lake ni la haki. Chuo Kikuu cha Makerere kilifungwa Novemba 1, 2016 baada ya wahadhiri kugoma kudai malipo yao, na hakikufunguliwa hadi mwanzoni mwa Januari 2017. Nchini Kenya, wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia Septemba hadi mapema Novemba 2025 wakidai fedha za makubaliano ya miaka mingi nyuma. Hapo mdaiwa mkuu ni serikali. Mkataba ninaoupendekeza ungemsaidia hata mhadhiri, kwa sababu chuo kilichoahidi kwa maandishi kwamba kila msimamizi atakuwa na idadi fulani ya wanafunzi kina msingi wa kwenda Hazina na kusema fedha hizi hazitoshi kutimiza ahadi hii. Isitoshe, mengi ya yanayowaumiza wanafunzi hayahitaji fedha. Kutangaza tarehe ya matokeo na kuifuata hakuna gharama. Kumwandikia mwanafunzi sababu za kukataliwa rufaa yake kunachukua nusu saa. Kuandika jina la anayeshughulikia alama zilizopotea, na siku anazopewa kuzitafuta, ni kazi ya ukurasa mmoja. Vyuo vya umma, kama taasisi nyingine za serikali, huandaa mikataba ya huduma kwa mteja yenye ahadi za namna hii. Kasoro yake ni kwamba ahadi ikivunjwa, mwanafunzi hapati chochote cha kurekebisha hasara yake. Ningeanza na kanuni moja nyepesi: matokeo yakichelewa kuliko tarehe iliyotangazwa, mwanafunzi aruhusiwe kujisajili muhula unaofuata bila faini wala kikwazo, na muda wake wa kuomba sapu au rufaa usogezwe kwa siku zilezile ambazo chuo kilizichelewesha.

Sijamsahau mwanafunzi. Mfumo wa sifa za vyuo vikuu wa Tanzania unahesabu shahada ya kwanza ya miaka mitatu kuwa na krediti 360, na kila krediti ni saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 3,600, yaani 1,200 kila mwaka. Ukizigawa kwa wiki 30 hadi 34 za mihula miwili unapata saa 35 hadi 40 kwa wiki. Mihadhara haifiki hata nusu ya saa hizo katika kozi nyingi. Zilizobaki ni za maktaba, maabara, mazoezi na kusoma peke yako, na ndizo deni ambalo hakuna mhadhiri anayeweza kumlipia mwanafunzi. Anayeishi kwa madesa hadi wiki ya mitihani, au anayemlipa mtu wa steshenari karibu na geti amwandikie ripoti ya utafiti, ameuvunja mkataba kabla hajafungua mdomo kudai haki. Nchini Kenya kuna wasomi hodari wanaoishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao za darasani. Ni biashara inayotuonyesha kwamba udanganyifu huu hauna taifa, na kwamba akili nyingi ya Afrika inapotea katika kumpatia mwingine shahada asiyoistahili. Mwanafunzi wa namna hiyo anamwibia mwenzake aliyekesha, kwa sababu waajiri wakishaacha kuiamini shahada ya chuo fulani hawabagui nani aliisomea. Viongozi wa serikali za wanafunzi nao waulizwe. Wana viti katika mabaraza ya vyuo na seneti, lakini ni wangapi hurudi kwa waliowachagua na kusema nini kilijadiliwa, hoja ipi waliipeleka na jibu lilikuwa nini? Kiti kisichotolewa taarifa hakimwakilishi mtu.

Haya hayasubiri Bunge. Baraza la chuo linaweza, katika kikao kimoja, kuamua kwamba fomu ya usajili ya mwaka ujao iwe na kurasa mbili zenye uzito sawa: ahadi za mwanafunzi zikiwa na saini yake, na ahadi za chuo zikiwa na tarehe, jina la ofisi inayowajibika, hatua itakayofuata ahadi ikivunjwa, na saini ya Makamu Mkuu wa Chuo. Tume ya Vyuo Vikuu nayo inaweza kuifanya karatasi hiyo kuwa sharti la ithibati. Nawe mzazi unayelipa ada, nawe kijana unayejiandaa kusajiliwa, msisubiri mpaka wakubwa wakumbuke. Kabla ya kupeleka fedha benki, ombeni almanaka ya chuo, kanuni za mitihani, utaratibu wa rufaa na jina la ofisi inayopokea malalamiko. Vikikosekana, andikeni barua kuvidai, mpeleke nakala kwa Tume, na mhifadhi nakala yenu yenye muhuri wa kupokelewa.